Atalipa au Hatalipa: Uzito wa Makosa Yetu ya Kiswahili

"Shemeji kasema iyo ela atalipa ijumaa."

Ujumbe wa aina hii huingia kwenye simu za watu kila siku. Muuza duka anayeupokea haoni shida yoyote kwenye "iyo ela". Anajua ni hiyo hela. Anakwama kwenye "atalipa". Aliyeandika amekwishaonyesha kuwa kwake h haipo. Basi atalipa hii ni atalipa kweli, au ni hatalipa iliyoangushwa h yake kama zilivyoangushwa za hiyo na hela? Katika Kiswahili herufi hiyo moja hutenga ahadi na kanusho: utakuja na hutakuja, ataweza na hataweza, mgonjwa atapona na mgonjwa hatapona. Tena wapo waliokaripiwa mara nyingi kwa kuangusha h, wakaanza kuipachika hata mahali isipohusika: "hasante", "hasubuhi", "hendelea". Kwa mwandishi wa namna hiyo hata "hatalipa" haiaminiki. Muuza duka hana budi kupiga simu.

Nimeanza na h kwa makusudi. Katika mambo mengi yanayowakera wapenzi wa Kiswahili, hili ni mojawapo ya machache ambayo kero yake ina sababu isiyopingika: ujumbe umefika, maana haikufika. Ukiwasikiliza watu wakilalamikia Kiswahili kibovu utaona kila mmoja ana lake. Huyu hawezi kuvumilia masaa. Yule anakunja uso akisikia "kupiga kula". Mwingine anazima redio mtangazaji anaposema "swala la elimu". Kero zote hizo hupewa jina moja, kuharibu lugha, na hukumu moja. Hapo ndipo ninapoachana na wengi. Makosa haya hayana uzito sawa, na kwa jinsi tunavyoyahukumu sasa, fimbo kubwa inamwangukia asiyestahili. Tunamcheka mkulima kwa lafudhi ya mama yake, na tunampigia makofi mheshimiwa ambaye sentensi zake zina maneno ya Kiswahili na mawazo ya Kiingereza.

Tuanze na r na l, kero kongwe kuliko zote. Kisukuma hakina r, kwa hiyo aliyekulia Usukumani huenda akasema "kula" akikusudia kura. Kikuyu kinakwenda upande wa pili, l ikageuka r. Mdomo unafuata ulichozoea tangu utotoni, na kwa mtu mzima si jambo la kubadilika kwa kuchekwa. Katika mazungumzo maana haipotei: mtu akikuambia asubuhi ya uchaguzi kwamba anakwenda kupiga kula, hakuna anayedhani anaelekea mgahawani. Kwenye maandishi mambo ni mengine. Mahari na mahali, karamu na kalamu, fahari na fahali yako mbalimbali, na msomaji hana sura wala sauti ya mwandishi ya kumsaidia. Hapo kusahihisha ni wajibu, ila wajibu huo ni wa mwalimu na wa mhariri. Abiria wa daladala hajapewa kazi hiyo.

Sauti za dh, th na gh ziliingia zaidi na maneno ya Kiarabu, na lugha nyingi za bara hazikuwa nazo. Ndiyo maana dh huishia kuwa z, th ikawa s, na gh ikawa g. "Luga" na "gali" hazimdhuru mtu. Lakini kuna ukoo wa maneno manne ambao mkanganyo wake unagharimu: thamani, samani, dhamana na zamani. Vibao vya maduka vinavyotangaza "thamani za ndani" vinauza makochi na vitanda, yaani samani. Mikutano ya wakulima huahidiwa "dhana bora za kilimo", na mkulima aliyekwenda akitarajia jembe la kukokotwa na ng'ombe, yaani zana, hawezi kulimia dhana. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo mambo haya yametoka kwenye utani wa barazani. Dhamana ndiyo inayomwezesha mshtakiwa kurudi kwake kusubiri kesi. Thamani ndiyo inayopima mali inayobishaniwa. Karani akiziandika kama neno moja, kosa la matamshi limekuwa kosa la hati.

Kundi la pili ni la maneno pacha, na hapa wakosaji wakubwa ni watu wenye shahada. Sikiliza mkutano wowote rasmi: "Sasa tunamkaribisha mtaalamu awakilishe mada yake." Kuwakilisha kumetokana na wakili, ni kusimama badala ya mtu mwingine. Kuwasilisha kumetokana na wasili. Ni kukifikisha kitu kwa wanaokingojea. Mbunge anawawakilisha wapiga kura na anawasilisha hoja. Mzizi ukijulikana, kosa linakuwa gumu kulifanya, na ndiyo sababu nashangaa shule hazifundishi maneno haya kwa mizizi yake. Vivyo hivyo adhimisha na azimisha. Kuadhimisha ni kukifanya kitu adhimu, kukipa ukubwa wake. Kuazimisha kumetokana na azima, ni kumpa mtu kitu chako akitumie kisha arudishe. Bango lenye maandishi makubwa la "Tunaazimisha Siku ya Wanawake" linasema siku hiyo imetolewa kwa mkopo. Na suala, jambo linalohitaji kushughulikiwa, linaandikwa "swala" hata kwenye taarifa rasmi, wakati swala ni mnyama wa mbugani au ni ibada ya Mwislamu. Watu hawa hawana kisingizio cha lugha ya mama. Wana kamusi maofisini mwao.

Linganisha sasa na kero maarufu kuliko zote, ile ya masaa. Kanuni iko wazi: saa ni nomino ya ngeli ya I-ZI, haibadiliki katika wingi, kwa hiyo saa moja, saa mbili, saa nyingi. Anayesema "masaa mawili" amevunja kanuni. Lakini mtu asikomee hapo, aulize kwa nini wazungumzaji wengi hivyo, waliozaliwa katika Kiswahili wakiwamo, wanaivunja kwa namna ile ile. Jibu nadhani ni hili: "saa mbili" ina kazi mbili. Ni wakati, ule tunaoanzia kazi asubuhi, na ni muda, urefu wa kungoja. "Mkutano ni wa saa mbili" inaweza kuwa saa ya kuanza au urefu wake. Masaa yameingia kuujaza mwanya huo. Husikii mtu akisema "nitafika masaa mawili asubuhi". Hili ni kosa lenye akili ndani yake. Mimi ninapoandika hutumia "muda wa saa mbili", na maana inakuwa salama bila kuvunja kanuni, ila anayesema masaa simwoni mharibifu.

Madawa nayo ni hivyo hivyo. Wasahihishaji wanasema dawa haipokei ma-, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 imeandika dawa za kulevya bila kusita. Sawa. Lakini hao hao wanasema marafiki na mabwana, na rafiki na bwana hayakuanza na ma-. Kiambishi hicho kimekuwa kikiingia kwa muda mrefu kwenye nomino za namna hii pale mtu anapotaka wingi wa kujumlisha, kundi, lundo. Sanifu imekubali baadhi na kukataa nyingine. Nakubali uamuzi huo kwa sababu lugha ya kuandikia inahitaji uamuzi. Sikubali kuambiwa kwamba anayesema madawa hajui Kiswahili.

Upatanisho wa ngeli, hata hivyo, sitaupitia juu juu, kwa kuwa wengi wanaotetea "gari yangu" na "kitu yangu" husema ni mapambo tu yasiyo na kazi. Chukua sentensi fupi: "Mguu wa kiti kimevunjika." Fundi akiisikia anauliza, ni mguu au ni kiti? Ukisema "umevunjika", anajua ni mguu, atautengeneza kwa msumari na gundi. Ukisema "kiti kile kina mguu mbovu, lakini hakijavunjika", ki- inarudi kwenye kiti na fundi hababaiki. Ndiyo kazi ya ngeli: inamwezesha mzungumzaji kutaja kitu mara moja, halafu akakifuata kwa viambishi sentensi tatu mbele bila kukirudia jina. Ukizitupa ngeli zote kwenye i- na zi-, kila mara itakubidi uonyeshe kwa kidole. Kiswahili cha sokoni kinamudu hivyo kwa sababu bidhaa iko mbele ya macho. Barua haina kidole.

Kenya inatupa funzo zuri hapa. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, na tangu wakati huo vizazi vya wanafunzi vimekariri A-WA, KI-VI, LI-YA hadi PA-KU-MU. Mwanafunzi wa Nairobi anaweza kujaza jedwali zima la ngeli bila kosa, akapata alama zake, akatoka nje ya lango na kusema "kitabu yangu". Hajasahau alichojifunza. Ana Kiswahili cha kuandikia na Kiswahili cha kijiweni, na anajua kila kimoja kina mahali pake. Mtanzania anayemcheka ajisikilize kwanza: "gari yangu imeharibika" inasikika Dar es Salaam kutwa nzima, wakati sanifu ni gari langu limeharibika.

Kuna kundi jingine ambalo nataka liondolewe kabisa kwenye orodha ya makosa. Mtoto kutoka Pemba anahamia shule ya bara, anaandika "mwengine" na "chengine", mwalimu anapiga mstari mwekundu. Kwao ndivyo Kiswahili kinavyosemwa, na kwao wanakwenda skuli, neno linalotumika hata kwenye maandishi ya serikali ya Zanzibar. Mzee wa Mombasa akisema "ndia" kwa njia na "kitwa" kwa kichwa, hajapotoka. Anasema Kimvita, lahaja iliyobeba mashairi karne na karne kabla sanifu haijapata jina. Lubumbashi wanasema "batoto", na wamelea watoto kwa Kiswahili hicho kizazi baada ya kizazi.

Inafaa kukumbuka sanifu ilivyopatikana. Katika karne ya 19 wamisionari wa Mombasa walikuwa wakikiandikia Kimvita. Kamusi ya Ludwig Krapf, iliyotoka mwaka 1882, ilijengwa zaidi juu yake. Wa Unguja, wakiongozwa na Edward Steere, walikiandikia Kiunguja, na kitabu cha Steere cha sarufi kilitoka mwaka 1870. Ubishi ulikatwa kwenye mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja kikachaguliwa, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya maeneo manne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, kusimamia vitabu na tahajia. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala, wa kurahisisha shule na uchapaji. Laiti kikao kile kingeamua vingine, leo mwalimu wa Tanga angekuwa anapiga mstari mwekundu chini ya "njia". Sidharau uamuzi ule; bila tahajia moja hatungekuwa na magazeti yanayosomeka kuanzia Lamu hadi Kigoma. Nadai tu kwamba mwalimu amwambie mtoto wa Pemba ukweli: neno lako ni Kiswahili, na hili hapa ndilo tulilokubaliana kuandikia mtihani. Kauli hiyo haimnyang'anyi mtoto kitu.

Sasa nifike kwenye makosa ninayoyaona mazito kuliko yote, ambayo hayatajwi sana kwa sababu wanaoyafanya wamesoma.

"Mwisho wa siku, mwananchi ndiye anayeumia." Kwa Mswahili, mwisho wa siku ni magharibi, jua linapotua, na akigeuza maneno kidogo, siku ya mwisho ni Kiyama. Hakuna hata moja kati ya hizo aliyoikusudia msemaji. Amechukua msemo wa Kiingereza, akauvalisha kanzu. Na hakuwa na haja nao, kwa kuwa Kiswahili kina hatimaye, kina mwishowe, na pale mtu anapotaka kuweka mambo mengi kando na kulitaja lililo kubwa, kina msemo mtamu ambao bibi yeyote wa pwani anautumia: yote tisa, kumi mwananchi anaumia.

Kupelekea ni kosa jingine la aina hiyo. "Mwendo kasi umepelekea vifo vya watu watano." Kitenzi hiki ni peleka kilichoongezwa e ya kumtendea mtu: nilimpelekea mama barua. Kikitumika kwa ajali, vifo vimepelekwa kwa nani? Kusababisha kupo, kuleta kupo, na kuua kupo. Mwendo kasi umeua watu watano. Kufuatia nako kunanikera kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba kunaficha. "Kufuatia malalamiko ya wakazi, mwenyekiti amejiuzulu." Amejiuzulu baada ya malalamiko, au kwa sababu ya malalamiko? Baada ya ni wakati, kutokana na ni chanzo. Mwandishi anayeandika kufuatia amekwepa kusema analolijua ni lipi, na msomaji anabaki anabahatisha katika jambo linaloweza kufika mahakamani.

Halafu kuna changamoto. Neno hili lilipoingia lilikuwa na kazi nzuri: jambo gumu linalomwamsha mtu ajitahidi. Leo limemeza tatizo, shida, kasoro, upungufu, uhaba, hitilafu, dhiki na maradhi. Gari limepata changamoto. Mtoto ana changamoto ya moyo. Mama aliyetoka zahanati mikono mitupu anasema hakuna dawa. Ofisa akiulizwa anasema kuna changamoto ya upatikanaji wa dawa. Kauli ya mama ina maneno mawili na inaweza kuthibitishwa: ama dawa zipo au hazipo. Kauli ya ofisa haiwezi kukamatwa popote. Haina kisichokuwapo, haina aliyeshindwa kuagiza. Ndiyo maana inapendwa. Siwezi kuliita kosa la sarufi, maana kisarufi haina doa. Ni kosa la kuchagua neno, na kuchagua neno ni nusu ya kuijua lugha.

Lakini hasara kubwa zaidi naiona kwenye vitenzi. Kiswahili utajiri wake uko kwenye kitenzi na minyambuliko yake. Kwa neno moja, alimlipia, nimekuambia aliyelipa ni mmoja, ilikuwa zamani, na alilipa kwa niaba ya mtu mwingine. Sasa sikiliza Kiswahili cha semina: "alifanya malipo kwa niaba ya mama yake." Maneno saba kwa kazi ya matatu: alimlipia mama yake. Hawaamui tena, wanafanya maamuzi. Hawazungumzi, wanafanya mazungumzo. Hawawashukuru wageni, wanapenda kuchukua fursa hii adhimu kutoa shukrani zao za dhati. Katika kila sentensi kitenzi kimenyang'anywa kazi na kupewa "fanya" au "toa", na nomino nzito imeburutwa kukaa mahali pake. Huu ni mwendo wa Kiingereza cha ofisini, na mtoto anayekua akiusikia kila siku kwenye televisheni ataona ndio Kiswahili cha watu wakubwa. Atafika utu uzima hajui kwamba pikia, pikiwa, pikika na pikisha ni vyombo vya kazi. Atazijua kama majibu ya mtihani.

Nimeunga mwenyewe sentensi moja kwa vipande ambavyo kila msikilizaji wa taarifa ya habari atavitambua:

"Kufuatia mvua kubwa zinazoendelea kunyesha, changamoto ya ubovu wa barabara imepelekea jumla ya kaya 40 kushindwa kufikiwa na huduma, ambapo wito umetolewa kwa mamlaka husika kulifanyia kazi swala hilo."

Tuifungue. "Jumla ya kaya 40" ni kaya 40, jumla haijaongeza hata moja. "Ambapo" ni neno la mahali au wakati. Hapa limefanywa gundi ya kuunganisha chochote na chochote. "Wito umetolewa": na nani? "Mamlaka husika": ipi? Sentensi imepita kwenye mvua, barabara na kaya 40 bila mtu hata mmoja kuonekana ndani yake. Mwandishi anayetaka kuinyoosha ataandika hivi: "Mvua imeharibu barabara. Magari hayafiki kwenye kaya 40, na wakazi wanaitaka halmashauri iitengeneze." Angalia kilichotokea. Ili apate "wakazi" na "halmashauri" imembidi arudi kuuliza nani amelalamika na barabara ni ya nani. Kiswahili safi kimemlazimisha kufanya kazi ya uandishi wa habari. Kile cha kwanza kilimruhusu kuikwepa.

Amba- imekwishaguswa, niimalize. Kiswahili kina njia mbili za kurejesha: mtu anayekuja, na mtu ambaye anakuja. Zote halali. Kosa linaloenea ni kuzifunga pamoja, "mtu ambaye anayekuja", kama vile msemaji haiamini ya kwanza. Na hata isipokuwa kosa, amba- imezidi mno. Msemaji wa zamani aliikimbilia pale ambapo kitenzi hakikuweza kubeba kirejeshi, kwa mfano kwenye hali ya -me-. Kwingine kote alisema anayekuja, aliyelala, watakaofika, na sentensi ikaenda mbio. Haya yanasahihishika kwa juma moja la mazoezi darasani.

Nani asahihishe, na wapi? Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo Tanzania kwa sheria ya mwaka 1967, na Zanzibar ina BAKIZA. Kazi yao inayoonekana zaidi ni kusanifu istilahi, na pale wanapowahi, watu hupokea. Mubashara lilipoletwa kwa matangazo ya moja kwa moja, watangazaji walilishika, na leo hata watoto wanalitumia. Kishikwambi kilisambaa nchi nzima na makarani wa sensa ya Agosti 2022 waliokuwa wakipita nacho nyumba kwa nyumba. Nchini Kenya, Sheikh Ahmed Nabhany alikwishaonyesha kwa runinga na rununu kwamba mtu mmoja mwenye lugha kifuani anaweza kuwapa wenzake neno. Watu hawakatai Kiswahili kizuri kikiwafikia mapema, katika kitu wanachokishika mkononi. Kinachochelewa ni usahihishaji wa kila siku, wa sentensi ya leo kabla haijasomwa saa mbili usiku, na huo hauwezi kufanywa na baraza. Unafanywa na mhariri wa zamu, na mhariri asiyekata "imepelekea" ameipitisha kwa mamilioni ya masikio.

Kama ningepewa ratiba ya kupanga, h, dh, th na gh ningeziweka darasa la kwanza na la pili, kwa sauti, kabla mkono haujazoea kuandika bila hizo. Hapo ndipo "atalipa" inapookolewa. Wasilisha na wakilisha, zana na dhana ningeziweka mwisho wa shule ya msingi, kwa mizizi yake. Na "mwisho wa siku", "kufuatia" na "kufanya maamuzi" ningeziacha hadi chuo cha uandishi wa habari na kozi za maofisa wa serikali, ila huko ningekuwa mkali.

Linabaki lile ambalo wasomi wenyewe hawajaelewana, onyesha na onesha. Wanaoshikilia onesha wanasema mzizi ni ona, ukiongeza -esha unapata onesha, na kwamba onyesha ni ya onya. Hoja inavutia lakini haiendi mbali vya kutosha. Onya yenyewe imezaliwa na ona, kwa njia ile ile iliyozaa ponya kutoka pona na gawanya kutoka gawana. Kwa hiyo onyesha ni mjukuu halali wa ona, aliyepitia kwa onya. Ndiyo sababu naandika onyesha. Mwandishi akiniletea makala yenye onesha naiacha ilivyo, mradi isiwe na onyesha kwenye aya inayofuata.